Stenti Imefungua Mshipa, Maumivu Yamebaki

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za afya, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze kwa muda usiozidi nusu saa juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi nalo hatulisemi hadharani, yaani maumivu ya kifua yanayobaki, au yanayorudi, baada ya mtu kuwekewa stenti moyoni. Sikuitwa hapa kwa kuwa mimi ni daktari. Mimi ni mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kukagua mizani za wafanyabiashara masokoni, na kazi hiyo ilinifundisha kutokuamini kitu kwa kukitazama tu. Nimeitwa kwa sababu nina stenti mbili, na kwa sababu kifua bado kinaniuma. Yale ya kitabibu nitakayoyasema yamepitiwa na daktari bingwa wa moyo kabla sijasimama mbele yenu, naye amefuta sentensi mbili nilizozipenda sana.

Nianze na kilichonifunga mdomo, kwa maana naamini ndicho kinachowafunga wengi. Matibabu ya moyo ni ghali. Bima yangu ililipa sehemu yake. Iliyobaki ilitoka kwa watoto wangu, kwa ndugu, na kwa majirani waliopitisha daftari la michango. Mdogo wangu akauza kiwanja alichokuwa amekitunza kwa ajili ya kujenga. Niliporudi nyumbani watu walikuja, wakapika, wakamshukuru Mungu. Mzee mwenzangu mmoja akanigonga kifuani kwa kidole na kusema, "Sasa una injini mpya." Wiki ya tatu, nikipandisha mwinuko kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara kwenda nyumbani, kile kitu cha zamani kikanishika tena katikati ya kifua: uzito, kubanwa, na ganzi ikishuka kwenye mkono wa kushoto. Nikasimama. Baada ya dakika tatu kikaniachia.

Sikumwambia mtu. Ningemweleza nini mdogo wangu? Kwa miezi minane, kila nilipobanwa nilitoa simu mfukoni nikajifanya ninasoma ujumbe mpaka maumivu yapite. Aliyeligundua ni mke wangu. Jioni moja aliniuliza kwa upole, "Mzee, hiyo simu yako hushika mtandao chini ya mwembe tu?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nayaficha yangu nyuma ya simu.

Kosa langu la kwanza, basi, halikuwa la kitabibu. Niliihesabu stenti kuwa ni bidhaa iliyonunuliwa kwa fedha za watu, na kwamba maumivu yakibaki, ama bidhaa ni mbovu, ama mimi ni mtu asiye na shukrani. Sikujua kwamba kuna jibu la tatu, nalo ndilo la kweli katika hali nyingi: stenti imefanya kazi yake vizuri, na bado maumivu yana sababu nyingine inayotafutika na kutibika. Ningelijua hilo siku ile ya karamu, nisingepoteza miezi minane.

Naomba mniruhusu nieleze kidogo stenti ni kitu gani, kwa sababu wengi wetu tuliwekewa bila kuiona. Moyo ni msuli, na kama msuli wowote unahitaji damu ya kuulisha. Hauinywi ile inayopita ndani ya vyumba vyake. Huletewa yake na ateri zinazouzunguka kwa nje, zikigawanyika kama matawi mpaka kufikia vijishipa vyembamba mno. Mafuta na chokaa vikijikusanya ndani ya ukuta wa ateri, njia hupungua. Mtu akiwa ameketi, damu ndogo inayopita humtosha. Akipanda ngazi au akibeba ndoo, msuli hudai zaidi, haupati, nao hulalamika. Malalamiko hayo ndiyo maumivu ya kifua ambayo madaktari huyaita anjaina. Mwaka 1768, daktari William Heberden aliwaeleza wenzake mjini London juu ya watu wanaobanwa kifua wakitembea, hasa wakipanda mlima na baada ya kula, na wanaopata nafuu mara wasimamapo. Nilipoambiwa habari hiyo niliona kama alikuwa amesimama chini ya mwembe wangu.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, daktari Andreas Grüntzig aliingiza puto dogo kwenye ateri ya moyo ya mgonjwa aliyekuwa macho, akalijaza, na njia ikapanuka. Lakini baadhi ya mishipa ilisinyaa tena baada ya puto kutolewa. Ndipo mwaka 1986, madaktari wa Toulouse na Lausanne wakaanza kuacha ndani kijibomba cha wavu wa chuma ili kiushikilie mshipa. Hicho ndicho stenti. Tangu mwaka 2002 na 2003 zikaingia sokoni stenti zilizopakwa dawa inayozuia kovu kuota na kuziba njia upya. Kwetu huduma hii hutolewa hapa hapa nchini, ikiwamo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ingawa wapo kati yetu waliotibiwa India kabla ya hapo na hata sasa.

Stenti ya kawaida ina urefu wa kati ya sentimita moja na nne hivi. Imewekwa mahali pamoja palipobana zaidi. Ugonjwa wenyewe hauishi katika sentimita hizo peke yake; uko katika kuta za mishipa kwa jumla, na ndiyo maana dawa hazikuisha siku ulipotoka hospitalini. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uitwao ORBITA-2, uliohusisha wagonjwa 301 wenye anjaina ya kawaida, wasiotumia dawa za kutuliza anjaina. Nusu yao waliwekewa stenti kweli. Wengine walifanyiwa utaratibu wa kuigiza bila wao kujua. Baada ya wiki 12, kati ya waliowekewa stenti takriban 40 kwa kila 100 hawakuwa na maumivu kabisa, ikilinganishwa na 15 kwa kila 100 upande wa pili. Someni hesabu hiyo pande zote mbili. Stenti ilisaidia, tena kwa tofauti kubwa. Lakini zaidi ya nusu ya waliowekewa bado walikuwa na maumivu ya kiasi fulani. Mimi sikuwa kioja, wala wewe si kioja. Niongeze, ili nisije nikamkatisha tamaa mtu, kwamba kwa aliyefikishwa hospitali akiwa na shambulio la moyo, mshipa umeziba kabisa, kuufungua mapema huokoa maisha. Hapo hakuna mjadala.

Sasa, maumivu yanayobaki yanatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila jibu lina njia yake ya tiba.

Katika siku za kwanza, ukuta wa mshipa uliotanuliwa huweza kuuma wenyewe, kama ngozi iliyovutwa. Maumivu hayo huwa hafifu, hayafuati kutembea wala kupumzika, na hupungua yenyewe. Hata hivyo hupaswi kujiamulia mwenyewe kwamba ni hayo, kwa kuwa ni katika majuma hayo hayo ya mwanzo ambapo damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Kuganda huko hutokea kwa wachache, lakini ni hatari kubwa, na miongoni mwa sababu zake kuu ni mgonjwa kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Baadaye, kwa kawaida kati ya mwezi wa tatu na mwaka, kovu linaweza kuota ndani ya stenti na kubana njia tena; hapo maumivu ya zamani hurudi yakiwa na sura ile ile ya zamani, na kila juma unabanwa kwa mwendo mfupi zaidi. Wengine wana mishipa mingine iliyobana ambayo haikuwekewa stenti, ama kwa sababu ilikuwa myembamba, ama kwa sababu daktari aliona dawa zinatosha. Kama hukuambiwa ni mishipa mingapi iliyoachwa, uliza.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi sikuwahi kuisikia mpaka iliponipata. Vile vijishipa vyembamba vya mwisho havionekani katika picha ya kawaida ya mishipa ya moyo. Ateri kubwa zinaweza kuwa wazi kabisa, ilhali vijishipa vimeshindwa kutanuka moyo unapodai damu. Au ateri yenyewe hujikunja kwa mkazo wa ghafla kisha ikaachia, mara nyingi usiku au alfajiri mtu akiwa amelala. Mgonjwa huambiwa picha yake ni safi, naye anaumwa kweli. Maumivu ya vijishipa huwapata zaidi wanawake. Dada zetu, mkiambiwa ni wasiwasi tu, msiondoke bila kuuliza kama vijishipa na mkazo wa mishipa vimefikiriwa. Neno "wasiwasi" huandikwa upesi sana kwenye faili la mwanamke.

Aidha, moyo wenye mishipa mizuri unaweza kulalamika kwa sababu ya mambo mengine mwilini: upungufu wa damu, presha isiyodhibitiwa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au vali ya moyo iliyokakamaa. Na si kila maumivu ya kifua ni ya moyo. Kuna kiungulia, kuna misuli na maungio ya mbavu, kuna mapafu. Aspirini inayotulinda huwakera wengine tumboni, na dawa iitwayo tikagrelo huwaletea baadhi ya watu kukosa pumzi hata wakiwa wameketi. Hofu nayo, ndugu zangu, huuma kwelikweli. Aliyewahi kubanwa kifua hulala akisikiliza moyo wake.

Nirudi kwenye habari yangu. Baada ya swali la mwembe nilikwenda kliniki. Sitaitaja. Daktari aliyekuwapo siku hiyo alikuwa na foleni ndefu mlangoni; alitazama kipimo cha umeme wa moyo, akasema, "Stenti zako hazina shida, mzee. Punguza mawazo," akaita jina la mgonjwa anayefuata. Sikumlaumu sana. Nilikuwa nimemwambia nini? Nilimwambia, "Kifua kinauma." Miaka yote nilipokuwa kazini, mteja aliyekuja kulalamika kwamba "mizani ya yule bwana si nzuri" nilimrudisha na kumtaka aniambie ni siku gani, bidhaa gani, uzito gani. Nami nikaenda kwa daktari bila siku, bila mwendo, bila dakika.

Nilinunua daftari la shule. Kwa mwezi mmoja, kila maumivu yalipokuja niliandika saa. Nilikuwa nafanya nini. Nimekula nini na lini. Yako wapi na yanakwenda wapi. Yamedumu dakika ngapi. Yameondolewa na nini. Mwisho wa mwezi nilifungua daftari nikaona kitu ambacho sikukitegemea: nilikuwa na maumivu mawili yaliyokuwa yakitumia jina moja. La kwanza lilikuja nikipandisha mwinuko, zaidi asubuhi na baada ya chakula kizito, likakaa dakika mbili mpaka tano, likaondoka nikisimama. La pili lilikuja nikiwa nimelala, likichoma kutoka chini ya kifua kwenda kooni, likidumu hata saa nzima, tena siku zile nilizomeza aspirini kabla ya kula.

Daktari wa pili alilisoma daftari lile kwa dakika kumi. Nikapimwa damu, nikafanyiwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na baadaye picha ya mishipa ikarudiwa. Stenti zote mbili zilikuwa wazi. "Baba," akaniambia, "siwezi kukuonyesha vijishipa vyako kwenye picha hii, lakini maelezo yako yanavielekeza." Akaniongezea dawa ya kulegeza mishipa, akabadili kipimo cha ile inayopunguza kasi ya moyo, akanipa dawa ya tumbo na kuniambia nimeze aspirini baada ya chakula. Kile cha usiku kilikwisha. Kile cha mwinuko kimepungua, hakijakwisha. Ninakieleza hivyo hivyo kwa makusudi, kwa maana nimechoka kusikia shuhuda za watu waliopona kabisa.

Kuna maumivu ambayo hayasubiri daftari. Yale yanayokuja ukiwa umepumzika na hayaondoki. Yanayozidi yale uliyoyazoea kwa nguvu au kwa muda. Yanayoambatana na jasho jembamba, kichefuchefu, kukosa pumzi au kizunguzungu. Yanayopanda taya au kushuka mikono yote miwili. Kwa watu wenye kisukari na kwa wazee huweza kuja kama uchovu wa ghafla na pumzi fupi bila maumivu makali. Ikiwa umepewa naitrogliserini, keti kwanza, kwa kuwa dawa hiyo hushusha presha na unaweza kuanguka. Weka dozi moja chini ya ulimi, tazama saa. Dakika tano zikipita maumivu hayajapungua, safari ya hospitali ianze, na dozi za ziada zifuate maagizo uliyopewa. Ukiwa hukupewa dawa hiyo, usingoje hata dakika hizo. Usiendeshe gari mwenyewe. Usipitie kwanza duka la dawa. Kwa foleni za jiji letu, anayengoja "kuona kama litapoa" anaweza kuwa amejiongezea saa nzima bila kujua. Pangeni mapema nani ataitwa na gari la nani, na mjue ni hospitali ipi ya karibu inayoweza kupima umeme wa moyo usiku.

Nimetaja naitrogliserini, na kuna jambo la mtumiaji hapa. Ni kemikali ile ile ambayo Alfred Nobel aliitengenezea baruti, na mwisho wa maisha yake madaktari wake walimwandikia kama dawa ya moyo. Kwetu shida yake si kulipuka bali kufa kimyakimya. Vidonge vyake huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Vikihamishiwa kwenye karatasi au kopo la plastiki, au vikikaa mfuko wa suruali juani kila siku, vinaweza kupoteza nguvu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Viache katika chupa yake ya kioo cheusi, funga kifuniko sawasawa, andika siku uliyoifungua. Muuzaji akikuhesabia vidonge na kuvitia kwenye bahasha, mrudishie.

Jambo la pili nalisema nikiwatazama wanaume wenzangu, nanyi mnajua kwa nini. Dawa za jamii ya naitrati hazipatani na dawa za nguvu za kiume. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka kiasi cha kuua. Sildenafili inahitaji kupishana na naitrogliserini kwa angalau saa 24, tadalafili saa 48. Na msijifariji kwamba mnatumia unga wa asili unaouzwa mitaani. Mamlaka za udhibiti wa dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta bidhaa za "asili" za aina hiyo zimechanganywa na sildenafili bila kuandikwa kwenye kifungashio. Aliyekwisha kuimeza kisha akapata maumivu ya kifua amwambie daktari ukweli, hata mkewe akiwa amesimama pembeni.

Juu ya dawa za kuzuia damu kuganda, yaani aspirini pamoja na klopidogreli au tikagrelo, nitasema machache kwa kuwa mmeyasikia. Kwa kawaida aliyewekewa stenti kwa utaratibu wa kupangwa hutumia zote mbili kwa miezi 6 hivi, na aliyepata shambulio la moyo kwa miezi 12. Daktari anaweza kufupisha au kurefusha kwa kila mtu. Anayeng'oa jino na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wasizisimamishe mpaka daktari wa moyo aulizwe. Zikikaribia kwisha kabla ya mshahara, usigawe kidonge wala kuruka siku. Rudi kliniki ueleze hali ya mfuko wako, kwa sababu zipo dawa za bei nafuu zenye kazi ile ile, na hakuna aibu katika kuziomba. Maumivu ya mgongo na magoti yasikupeleke kwenye diklofenaki au ibuprofeni. Hizo huongeza hatari ya kutokwa damu na huulemea moyo. Omba parasetamoli, na umwambie muuzaji kwamba una stenti. Hata balungi, ambalo majirani hunisifia kwa presha, huzuia mwili kuvunjavunja baadhi ya dawa za kolesteroli na tikagrelo, zikazidi kiwango katika damu. Niliacha juisi yake kwa masikitiko.

Sasa niseme kama mkaguzi wa zamani. Mtu akinunua redio hupewa risiti na dhamana. Anayewekewa chuma moyoni mara nyingi huondoka na bahasha ya vidonge tu. Dai kadi ya stenti. Iwe na tarehe, mshipa uliowekewa, aina ya stenti, kipimo chake na namba ya toleo. Siku utakapohitaji kipimo cha MRI au daktari mwingine mjini kwingine, kadi hiyo itakuokolea muda. Omba pia ripoti ya utaratibu na picha za mishipa kwenye diski, maana daktari wa pili hawezi kulinganisha na kitu asichokiona. Omba ankara inayotaja stenti peke yake na huduma peke yake. Waliotibiwa India wanaweza kukumbuka kwamba Februari 2017 serikali ya nchi hiyo iliweka ukomo wa bei, rupia 7,260 kwa stenti ya chuma tupu na 29,600 kwa iliyopakwa dawa, baada ya kubainika kwamba wagonjwa walikuwa wakitozwa mara nyingi ya hapo. Tofauti kama hiyo huonekana bei ya stenti ikitenganishwa na gharama nyingine.

Usiporidhika, anza na dawati la malalamiko la hospitali yenyewe. Taasisi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, nawe una haki ya kuuomba na kuusoma. Mwenendo wa daktari huangaliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, maduka ya dawa na Baraza la Famasi, na ubora wa dawa au madhara yake hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Peleka malalamiko kwa maandishi, weka nakala. Lakini kabla ya kulalamika, rudi mara moja zaidi na daftari lako. Mimi ningekuwa nimeandika barua dhidi ya daktari wa kwanza, na kifua kingeendelea kuuma huku barua ikizunguka ofisini.

Kuna wanaotungoja tukitoka kliniki tumekata tamaa. Tangu habari zangu zienee mtaani nimepigiwa simu mara tatu na watu wenye unga wa "kusafisha mishipa" kwa siku 21, tena kwa masharti ya kuacha dawa za hospitali ili unga "ufanye kazi". Mmoja alinipa bei ya shilingi laki tatu na kunihimiza nilipe siku hiyo hiyo kwa kuwa kesho ofa inakwisha. Nilimwuliza namba ya usajili wa bidhaa yake. Akaniambia usajili uko njiani. Sharti la kuacha dawa ndilo linalotisha zaidi kuliko laki tatu, na nadhani mnaona sababu.

Kuhusu maisha ya kila siku sina mengi. Natembea kila asubuhi kabla ya chai, tambarare kwanza, kisha mwinuko. Daktari aliniruhusu kuweka naitrogliserini chini ya ulimi dakika chache kabla ya kupanda ninapojua nitapanda. Naacha kubeba ndoo baada ya kula. Sigara niliiacha. Chumvi bado tunagombana nayo. Siku za maumivu zipo, na siku hizo huwa mkali kwa watu wa nyumbani, jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote niliyopewa. Ingekuwa vizuri mke wangu angeelezwa pamoja nami tangu mwanzo, badala ya kujifunza kwa kunichungulia dirishani.

Nilimweleza mdogo wangu mwishowe. Nilimwita nyumbani, nikaandaa maneno, nikaanza na kiwanja. Alinikatiza. Akaniuliza, "Kwa hiyo, kaka, miezi minane yote hiyo ulikuwa unasoma ujumbe wa nani?" Tukacheka mpaka mke wangu akaja kutazama kama nimezidiwa.

Ukumbi huu, kama mlivyoona, uko ghorofa ya pili. Nimesimama mara moja kwenye ngazi, na kijana wa mapokezi akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba kifua kinabana kidogo na kitaachia sasa hivi. Kimeachia. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na yatakayonishinda nitamrushia daktari aliyeketi safu ya mbele.